Sindano katika mstari wa maji

Maneno ya mama mfundishaji wa kushona kwa mkono, mbele ya familia zilizokimbia vita na viongozi wao

Nimeombwa niseme juu ya kushona kwa mkono na juu ya amani. Wa kusema juu ya amani ni wengi, na wanajua kuliko mimi. Mimi nitashika sindano, na pale amani itakapoingia mtaiona wenyewe.

Mwezi wa kwanza wa mwaka 2023, vita ilipofika Kitchanga, nilitoka na watoto wanne kwa miguu. Nyumbani niliacha mashini yangu ya kushona, ile ya kukanyaga, niliyoinunua kwa mavuno ya maharage ya misimu mitatu. Nilikuwa fundi. Watu waliniletea vikwembe vyao, nikashona, nikalisha watoto. Nilipofika Bulengo, upande wa magharibi wa Goma, nilikuwa mama kama wengine wote, mwenye hema la plastiki juu ya mawe meusi ya volkano. Mlioishi kule mnayajua mawe yale. Hata kigingi cha hema kinakataa kuingia.

Kila asubuhi kulikuwa na mstari wa maji. Tulipanga mabidoni ya njano, tukangoja. Siku moja mbele yangu alikuwa mama mmoja anayesukuma bidoni lake kwa mguu, kwa sababu mikono ilikuwa na kazi. Alikuwa anapamba kola ya gauni la mtoto kwa mshono wa mnyororo, kwa uzi mwekundu aliouchomoa katika sweta kuukuu. Mstari ukisogea, anasukuma. Ukisimama, anashona. Nilimtazama mpaka nikasahau kusogea, na walio nyuma yangu wakanitukana.

Nikamwuliza anafanyaje ile minyororo. Mimi nilikuwa fundi wa mashini. Mkono wangu ulijua kushika kifungo na kukunja pindo, basi. Alinitazama kwanza. Kwa lafudhi yangu alijua nilikotoka, nami kwa lafudhi yake nilijua alikotoka. Yeye nyumbani anasema Kinyarwanda, mimi Kihunde. Mambo ya Masisi tangu mwaka 1993 hamhitaji niwahadithie. Wengi humu ndani wana watu wao waliowazika. Lakini alinipa sindano. Kabla ya kufika kwenye robine nilikuwa nimefanya minyororo saba, mitano ikiwa mibaya. Siku ya pili nilitafuta bidoni lake katika mstari.

Hivyo ndivyo nilivyojifunza, bila darasa na bila cheti. Baadaye, tulipofika wamama tisa, tulianza kupima masomo kwa mabidoni: hili ni somo la mabidoni matano, hili ni la kumi.

Wamama, najua mnavyofikiri sasa hivi. Mnasema: huyu anatuongezea kazi. Mwanamke aliyekimbia hana nafasi. Anaamka kabla ya jua, anatafuta maji, anatafuta kibarua cha kubeba mizigo au kulima shamba la mtu, anatafuta kuni. Wenzetu wengi walipokuwa katika kambi za Goma waliingia msitu wa Virunga kutafuta kuni, na huko walikutana na mabaya ambayo sitayataja mbele ya watoto. Mtu wa namna hiyo usimwambie aje darasani kutoka saa mbili hadi saa sita. Atakuja siku mbili, ya tatu watoto watalala njaa, na mtaandika katika ripoti kwamba hana bidii.

Mimi nasema juu ya muda ambao umekwisha kupotea. Maharage yako motoni na kuni ni mbichi. Uko kwenye kituo cha afya na mtoto mwenye homa, na muganga bado hajafika. Uko kwenye ugawaji wa chakula, jina lako linaanza na Z. Muda huo hakuna anayekulipa, wala huwezi kwenda mahali pengine. Mikono inabaki mitupu na kichwa kinaanza kuzunguka: nyumba iliyoungua, mume asiyejulikana aliko. Mimi mwenyewe, katika kungoja ndiko nilikoteseka zaidi kuliko katika kazi. Ndiyo maana nilishika sindano. Mapambo yalikuja nyuma.

Sasa namna ya kufundisha. Siku ya kwanza fundisha jambo moja tu. Kata uzi urefu wa kutoka ncha za vidole hadi kiwiko, usizidishe, kwa maana uzi mrefu unajifunga na mwanafunzi anakata tamaa. Upitishe kwenye kipande cha sabuni kavu au cha mshumaa, utakuwa mgumu kidogo na hautajisokota. Funga fundo. Chukua kitambaa chenye mistari, shati lililokwisha kuzeeka linafaa sana, na mwambie mwenzako afuate mstari: sindano ishuke, ipande, ishuke, ipande. Huo ni mshono wa kupita. Hakuna haja ya kuchora kwa kalamu, mstari uko tayari. Akimaliza uzi mmoja, mwache aende. Hata akiomba kuendelea, mwache aende, arudi kesho na hamu.

Kisha mshono wa kurudi nyuma, ambao sindano inapanda mbele na kurudi kufunga nafasi iliyoachwa. Huu ndio mshono wa kushika nguo pamoja, na ukiufanya kwa karibu unashindana na mashini. Hapa nikawie kidogo, kwa maana huu ndio uliorudisha watoto wetu shuleni. Tangu mwaka 2019 serikali ilitangaza masomo ya msingi bila malipo katika shule zake, na wazazi tulishukuru. Lakini mtoto anavaa nini? Shati jeupe na sketi ya buluu, au suruali ya buluu. Mtoto wangu wa pili alikaa hema wiki mbili kwa sababu sketi ilipasuka nyuma na wenzake walimcheka. Sketi yenyewe ilikuwa na kitambaa cha kutosha ndani ya pindo! Nilikifungua, nikaweka kiraka kwa ndani, nikashona kwa mshono wa kurudi nyuma katika mstari wa maji kwa asubuhi tatu. Alirudi shuleni siku ya nne. Baada ya hapo ndipo wamama wengine walianza kukaa karibu nasi. Hawakuvutwa na maua mekundu ya jirani yangu, ingawa yalikuwa mazuri. Walivutwa na ile sketi.

Wababa mnisamehe, lakini na hili sherti lisemwe. Wasichana wetu wakubwa wanakosa masomo kila mwezi kwa sababu hawana kitambaa cha kutumia siku zao. Kwa mshono uleule wa kurudi nyuma msichana anaweza kujishonea vitambaa vya pamba vya kufua na kurudia: nguo ya pamba laini kwa juu, ndani tabaka kadhaa za taulo kuukuu au flaneli, na mabawa mawili ya kufungia kifungo chini ya chupi. Vifuliwe kwa sabuni na maji safi, vianikwe juani mpaka vikauke kabisa. Hapo ndipo tulipokuwa na shida, kwa maana wasichana waliona haya wakavificha chini ya godoro vikiwa na unyevu, na unyevu unaleta ugonjwa. Tulipata njia: wanavianika chini ya kikwembe chepesi kilichotandazwa juu yake. Jua na upepo vinapita, macho ya watu hayapiti.

Mishono mingine itakuja yenyewe. Mshono wa tundu la kifungo unazuia kingo zisichanike, na unafaa kwa blanketi zilizoanza kuisha. Wa mnyororo na wa msalaba ni wa kupamba. Kwa wale wanaotaka kufuma, waya wa mwavuli uliovunjika ukikunjwa ncha na kusuguliwa juu ya jiwe unakuwa kroshe nzuri, na mawe ya kusugulia hatukuyakosa. Sweta kuukuu ya mitumba inafumuliwa, uzi unaoshwa, unakaushwa huku umenyoshwa ili mikunjo itoke, kisha unafumwa kofia ya mtoto mchanga. Waliotoka milima ya Masisi wanajua baridi ya usiku kule, hawahitaji maelezo.

Jambo moja nawasihi: hesabuni sindano. Mkianza kukaa, hesabu. Mkiondoka, hesabu tena. Watoto wanatambaa pale. Na msishone kwa mwanga wa moto au wa kibatari, mtachosha macho bure.

Kuna watu wanaosema kazi hii ni ya Wazungu, ililetwa ili kutuliza wanawake. Maneno hayo yana ukweli nusu. Wakati wa Wabeleji zilikuwepo nyumba zilizoitwa foyers sociaux; ile ya Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura, ilianza mwaka 1946. Wake za wafanyakazi walifundishwa humo kushona, kurekebisha nguo, kupiga pasi, ili wawe wake wa namna ambayo wakubwa walipenda kuona. Mimi sisikitiki kwamba wakati ule ulipita. Lakini nendeni Kasai mwaangalie kazi ya Wakuba. Wanaume wanafuma kitambaa cha rafia, na wanawake wanakipamba kwa sindano. Uzi unapitishwa chini ya nyuzi za kitambaa, hakuna fundo, kisha unakatwa karibu kabisa kwa kisu kidogo, mpaka uso wa kitambaa unakuwa laini kama mahameli. Mchoro hauchorwi kwanza, uko kichwani mwa mama mwenyewe. Kipande kimoja kinachukua miezi, wakati mwingine mwaka na zaidi, kwa sababu anakifanya katikati ya shamba na jikoni, kidogo leo, kidogo kesho. Vingine leo vimewekwa katika makumbusho ya Tervuren kule Ubelgiji, na watu wanalipa kuviangalia. Basi kujifunza na kufanya kazi katika vipande vya siku hakukuletwa na mtu. Bibi zetu wa nchi hii walijua.

Wala si jambo geni katika jimbo letu la Kivu ya Kaskazini. Goma, kwenye hospitali ya HEAL Africa, wamama waliokuwa wakingoja kupasuliwa kwa ajili ya fistula, na wale waliokuwa wakipona, walifundishwa kushona na kazi nyingine za mikono. Kungoja kwao kulikuwa kwa uchungu kuliko kungoja maji. Mtu aliyewaza kuwapa kitambaa katika siku zile aliwaza vizuri.

Sasa naja kwenu viongozi, na nitasema wazi kwa sababu mlinialika.

Tulipokuwa kambini ulikuja mradi mmoja na mashini za kushona. Sitautaja. Mashini zilikuwa mpya, zilipigwa picha, zikafungiwa katika depo mpaka jengo la ateliye likamilike. Jengo lilichelewa. Orodha ya wanafunzi iliandikwa, na majina yaliyokuwa juu yalikuwa ya jamaa za waliokuwa wakiandika. Kabila moja likasema: mmetuacha. Lingine likajibu: na ninyi wakati wenu mlifanya nini? Mradi wa kuleta amani ulituletea ugomvi ambao hatukuwa nao. Sisi wamama tisa wakati ule tulikuwa katika mstari wa maji na sindano nne. Hakuna aliyegombania nafasi yetu, kwa maana hakukuwa na orodha.

Kwa hiyo ninawaomba: msingoje mashini. Zikija, tutazipokea, mimi mwenyewe nazitamani mpaka leo. Lakini leo hii mnaweza kutupa kivuli. Nguzo nne na plastiki karibu na robine, au kando ya kituo cha afya, mahali ambapo watu wanangoja tayari. Msituandike majina. Msiweke rais na makamu wa rais wa wenye kushona. Na msimweke mtu wa kufundisha amani pale. Alikuja mmoja na makaratasi yake, na wamama wote wakakumbuka kwamba wameacha chungu motoni.

Sitaki kuwadanganya kwamba uzi ulitufanya ndugu. Kuna mwezi ambao habari mbaya zilishuka kutoka milimani, za watu waliouawa, na kila upande ulikuwa na habari yake. Kesho yake wamama wawili hawakuja kukaa nasi. Mmoja alirudi baada ya wiki. Mwingine hakurudi tena, na akipita njiani hakutusalimu. Ana haki yake. Mimi pia siku ile nilikaa na jirani yangu wa uzi mwekundu bila kusema hata neno, ila "nipe makasi" na "chukua".

Lakini kuna siku nyingine. Wasichana wawili walipigania nafasi katika mstari, mmoja akampiga mwenzake kwa bidoni, damu ikatoka puani. Mnajua yanayofuata. Makelele, watu wanakuja mbio, na neno la kwanza linalotoka ni jina la kabila. Vijana walikuwa wameanza kuokota mawe, na kule mawe yako kila mahali. Jirani yangu alimshika yule aliyepiga, aliyekuwa wa kwetu. Akawaambia vijana wa kwao: "Huyu mtoto namjua, juzi nilimpima sketi." Nami nilimshika yule mwenye damu, nikamfuta kwa kitambaa nilichokuwa nikikishona, nikawaambia wa kwetu jina la mama yake na bloki anayokaa. Haikuwa hotuba. Lakini ni vigumu kumpiga mtoto anayeshikwa hivyo na mama wa upande wako. Mmoja akaachilia jiwe, kisha wa pili. Shefu wa bloki alipofika alikuta watu wanabishana juu ya nani alikuwa mbele ya nani, na ugomvi wa namna hiyo yeye aliuweza.

Mwisho wa mwezi wa kwanza 2025 vita iliingia Goma, na mwezi wa pili kambi zile zikavunjwa. Tulipewa muda mfupi. Mliokuwepo mnakumbuka jinsi tulivyokunja plastiki usiku. Zile mashini za depo sikuziona tena. Wengine wanasema zilichukuliwa, wengine wanasema ziliuzwa. Mimi nilibeba mfuko wangu mdogo wa kitambaa, unaoingia katika mkunjo wa kikwembe: sindano tatu, uzi, makasi, kroshe, na kazi iliyoanzwa. Tangu mwaka 2023 nimehama mara tatu na mfuko huo haujapotea. Nyumba niliyopokelewa sasa si yangu, chumba si changu, lakini wiki ya kwanza mwenye nyumba alinikuta nikirekebisha shati la mumewe, na tangu siku hiyo tunaongea.

Jirani yangu alipanda gari la kurudi upande wa kwao. Namba yake ya simu haipiti tena.

Mtaniuliza juu ya pesa, nami nitajibu kweli. Vitambaa vya meza vya maua havina soko kubwa hapa. Waliokuwa wakivinunua walikuwa wageni wa mashirika, na wengi wameondoka. Msikubali mtu awaambie kwamba mtajenga nyumba kwa broderi. Kinacholeta pesa kidogo ni kurekebisha: zipu, pindo, vifungo, viraka vya nguo za shule mwezi wa tisa masomo yanapoanza. Kofia za watoto wachanga zinauzwa karibu na maternite. Kiasi chake ni cha chumvi na sabuni, siku nyingine na mafuta. Lakini pesa ambazo hukuzitoa kumlipa fundi nazo zihesabu.

Na kwa wababa neno moja. Mafundi wengi sokoni ni wanaume, tena wamekaa kwenye mashini barabarani bila haya. Kwa nini basi baba mwenye kungoja kibarua tangu asubuhi aone haya kushika sindano? Katika kundi letu alikuwepo mzee mmoja tu. Alianza kwa kushona kiatu chake, na mwishoni vitundu vya vifungo vyake vilikuwa vizuri kuliko vyangu. Wakati mwingine vijana walikuja kukaa karibu naye, wale waliowahi kushika silaha. Sikujua walikuwa wakiongea nini, na sikuuliza.

Nimemaliza. Nimeleta sindano ishirini na vipande vya mashati ya mistari, viko kwa yule mama mwenye kilemba cha buluu karibu na mlango. Chakula kitagawiwa saa saba, kwa hiyo tuna saa nzima ya kungoja. Kaeni wawili wawili na mtu ambaye hamkuja pamoja. Anayejua amfundishe asiyejua mshono wa kupita, uzi mmoja tu. Sindano zihesabiwe mnapozirudisha.